Njia ya Gari Mbele ya Mlango wa Mkwe

Kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu ni mwendo wa kumaliza salamu moja ndefu ya Kinyakyusa, si zaidi. Lakini tangu mvua zinapokaza hadi mpunga unapokomaa, mwendo huo ulikuwa wa tope la kufika kwenye muundi. Mvua ya Kyela haina adabu. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo kama mtu anayemeza mate, halafu inaendelea. Tulizaliwa tukiijua hivyo, na hakuna aliyelalamika mpaka mume wangu aliponunua pikapu.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Watu waliokuwa wakivusha sabuni na mafuta ya kupikia kutoka Malawi wakiwa wameyaficha chini ya mpunga, sasa waliyabeba juu juu, mchana kweupe, wakipiga soga na walinzi wa mpaka. Mume wangu alikuwa na shangazi ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, kama ilivyo kwa nusu ya watu wa huku, kwa hiyo alikuwa na pa kuanzia. Alianza na baiskeli, akaishia na pikapu nyekundu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Aliipenda kupita kiasi. Masika ya kwanza ilishindwa kuingia uwanjani, ikalala barabarani, naye akalala ndani yake kuilinda. Nilimwambia akitaka nimpelekee shuka za fungate aseme tu. Hakucheka.

Ndipo zilipoanza habari za lami. Huko Malawi alikuwa ameona nyumba ya mfanyabiashara mmoja ambayo njia yake ya gari imemwagiwa lami na kutandazwa vijiwe vya mtoni vilivyoshikana, huwezi kung'oa hata kimoja kwa ukucha. Alijaribu. Alichuchumaa akajaribu mbele ya mwenye nyumba, bila aibu. Tangu arudi hakuwa na hadithi nyingine. Tukila wali ni lami, tukitoka kanisani ni lami.

Jumapili moja ya Juni, baada ya ibada, alichukua kamba na vigingi akaanza kupima. Hapo sina budi kueleza uwanja wetu ulivyokaa. Nyumba ya baba mkwe wangu ilikuwa mbele, karibu na barabara, mlango wake ukitazama upande wa kulia. Yetu ilikuwa nyuma. Upande wa kulia kulikuwa na uwanja ulioinuka, mkavu. Upande wa kushoto kulikuwa na migomba, na katikati ya migomba kulikuwa na kichochoro kilichotoka jikoni kwangu hadi barabarani bila kupita mlangoni kwa mzee. Kichochoro hicho kilikuwa changu, na sikuwa na njia nyingine.

Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamsemeshi, hakai naye chumba kimoja. Jina lake halitamki, na ndiyo maana hata leo, mzee amekwisha kufa, kalamu yangu inakataa kuliandika. Wakikutana njiani kwa bahati mbaya, mwanamke anaacha njia, anaingia majanini na kugeuza uso. Wageni wanadhani ni chuki. Ni heshima, na tulifundishwa kwamba ikivunjwa anayelipa ni mtoto: anadhoofu, anakataa ziwa, anakwenda. Kanisa lilikuwa limeshasema mambo hayo yamepitwa na wakati, na familia nyingine ziliyalegeza. Yetu haikulegeza. Nilikuwa nimeishi uwanja mmoja na mzee yule miaka kumi na mmoja, naijua chumvi anayoipenda na namna anavyoburuta mguu wa kushoto, na sura yake siijui.

Tuliishi vizuri. Kabla ya kutoka nje alikohoa mara mbili, nami kabla ya kuzunguka nyumba niligonga ndoo. Nikiwa kichochoroni, majani makavu ya migomba yalilia chini ya miguu yangu, akajua niko wapi. Chakula nilipika mimi, binti yangu akakipeleka. Sahani ilirudi ikiwa na kitu juu yake, ndizi mbivu mbili, au tunda la kakao lililopasuliwa ili watoto wanyonye utamu wake. Hakuwa na njia nyingine ya kusema nami.

Basi mume wangu akachomeka vigingi upande wa kulia, kutoka barabarani, hatua tatu tu kutoka kizingiti cha baba yake, mpaka barazani kwetu.

"Na mimi nitapita wapi?" nikamuuliza.

"Utapita njiani, mama. Unadhani naijengea ng'ombe?"

"Mbele ya mzee?"

"Kule kwenye migomba maji yanatuama. Lami haikai juu ya maji. Mtazoea tu, dunia imebadilika."

Kuhusu maji alisema kweli, sina ubishi. Lakini hakuishia hapo. Ili kuinua njia alihitaji udongo, na udongo akauchimba palepale kwenye migomba. Migomba ishirini na kitu ililala chini ndani ya wiki moja, na kichochoro changu kikawa handaki la kufika kiunoni. Nililia kwa hasira, nikavunja chungu kizima cha watu ambacho hakikuwa na kosa.

Siku ya pili yake binti yangu alirudi na sahani na ujumbe. "Babu anasema msimwage lami. Anasema mwagieni kokoto peke yake, zisizoshikana. Anasema kokoto zinapiga kelele mtu akipita."

Nilielewa mara moja. Mume wangu alielewa kwamba baba yake amezeeka. Alisema kokoto zisizoshikana zitahamia shambani mvua ya kwanza, na hilo nalo lilikuwa kweli, nikamchukia kwa kuwa lilikuwa kweli.

Kazi ilifanywa Agosti na Septemba, wakati ardhi imekauka. Walimwaga moramu, ule udongo wa changarawe, wakainyunyizia maji, wakaishindilia kwa pipa lililojazwa zege na kuvutwa na wanaume wanne wakiimba nyimbo ambazo siwezi kuzirudia. Wakachimba mfereji kila upande. Wanawake wa jirani waliponda kokoto, na vile vijiwe laini vya juu vilitoka mtoni kwa magunia. Lami yenyewe ilikuwa mapipa mawili aliyoyapata kwa fundi mmoja mzee aliyewahi kujenga barabara. Waliichemsha kwenye pipa lililokatwa, moshi mweusi ukaingia kwenye nguo, kwenye unga, mpaka kwenye ndoto zetu. Yule fundi alimwambia mume wangu, nikiwa nasikia, asiimwage nene. Ikiwa nene, jua la Oktoba na Novemba litaitoa jasho. Mume wangu alikuwa anakumbuka vijiwe vya Malawi visivyong'oka. Aliongeza kopo, akaongeza lingine, mpaka mapipa yakaisha.

Ilipendeza, na nisiposema hivyo nitakuwa mwongo. Njia nyeusi, vijiwe vyeupe na vya kahawia vimelala juu yake, mfereji pembeni umenyooka. Watu walitoka Makwale na Ngonga kuja kuitazama. Pikapu iliingia mpaka barazani, mume wangu akashuka akiwa na viatu visafi, akavitazama viatu vyenyewe kwa muda mrefu.

Lakini njia ile ilikuwa bubu. Mtu akitembea juu yake bila viatu humsikii. Masika yaliyofuata nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Asubuhi moja mvua inapiga bati, nikaikata kona nikiwa na beseni kichwani, naye akawa anatoka. Huenda alikohoa, mvua ikakimeza kikohozi. Tulikutana uso kwa uso. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Yeye ndiye aliyegeuka kwanza, kwa haraka, akapiga bega mlangoni.

Mimba ile ilitoka mwezi uliofuata. Mkunga alisema yanatokea. Wanawake waliokuja kunipa pole hawakusema neno baya, waliuliza tu, mmoja baada ya mwingine, siku hizi napitia wapi kwenda barabarani. Nilijua wanachouliza. Tangu siku hiyo nikawa nashuka handakini hata likiwa na maji, nashikilia mizizi kama panya, kuliko kuikanyaga lami ya mume wangu kwenye kona ile.

Yeye alikuwa safarini wiki mbili katika tatu. Utunzaji ukabaki kwangu. Watu wanadhani ukishamwaga umemaliza. Kila asubuhi kuna majani ya kufagia, maana yakioza juu yake yanaacha madoa. Kuna nyasi zinazopenya pembeni na kuifungua kama mshono. Kuna mfereji wa kuzibua kabla mvua haijaanza. Na kiangazi kinapofika mwisho, jua linapokuwa kali na mawingu yanakusanyika bila kunyesha, lami inaanza kutoa jasho kama alivyosema fundi. Inapanda juu, inavimeza vijiwe, inang'aa. Dawa yake ni mchanga. Kabla ya saa sita unamwaga mchanga mkavu, unausambaza kwa ufagio, ukinywewa unaongeza mwingine. Usipofanya hivyo siku tatu, njia yote ni gundi.

Kipande kilicho mbele ya mlango wa mzee ndicho kilichopigwa na jua zaidi, na ndicho nilichoshindwa kukifikia. Kiangazi cha kwanza baada ya ile mimba kutoka, nilikiacha siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa mbali na karai langu la mchanga, nikaona mlango wake unafungwa kutoka ndani. Kisha nikasikia kikohozi, mara mbili. Nikaenda mbio mbio, nikamwaga, nikasambaza, nikaondoka na kugonga karai. Mlango ukafunguliwa. Tukafanya hivyo kila siku mpaka mvua ziliposhuka. Mume wangu aliwaambia watu lami yake haina usumbufu wowote.

Kiangazi cha pili kilinikuta nimejifungua. Alikuwa mtoto wa kiume, mdogo mno, mwenye kilio chembamba. Alipokuwa na wiki tatu alikuwa bado hajanenepa, na mimi nilikuwa namhesabia pumzi. Mume wangu alimtazama, akafurahi, akapakia mpunga wa watu kwenda Mbeya. Kuhusu mchanga hakukumbuka, na mimi sikukumbusha. Lami ikaanza kung'aa. Nilikuwa naiona kutoka jikoni, nikasema moyoni acha iyeyuke yote iingie mferejini.

Siku ile kulikuwa na msiba upande wa pili wa barabara kuu, na kwetu msiba unakomba kijiji kizima. Mwenye mtoto mchanga haendi. Mzee naye hakwenda kwa sababu ya ule mguu. Binti yangu na wadogo zake walikuwa shuleni. Ilikuwa saa sita imepita, jua liko utosini, nimemfunga mtoto mgongoni napepeta mchele nyuma ya ukuta wa jiko. Nilisikia kikohozi mara mbili, nikageuka nimpe kisogo mpaka apite. Kisha nikasikia mchanga unamwagika.

Nilichungulia. Mungu anisamehe, nilichungulia. Mzee alikuwa ameshika karai langu. Alikuwa anamwaga mchanga mbele ya mlango wake, anausambaza kwa mguu, kidogo kidogo, maana alijua nimejifungua na hakuna mwingine wa kuifanya kazi ile. Alikuwa amevaa kandambili. Moja ikanaswa na lami, mguu ukatoka bila kandambili, ule mguu mbovu ukabaki peke yake. Akaanguka kwa ubavu. Nilisikia mfupa.

Alijaribu kuinuka kwa mkono, mkono ukanasa. Shavu lilikuwa chini, juu ya kitu ambacho mimi nilishindwa kukikanyaga kwa viatu saa zile. Akakohoa mara mbili, kunijulisha tu kwamba yuko pale. Nikajibanza ukutani. Ndipo akasema, kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa:

"Mwanangu. Njoo uniinue."

Katika miaka yote ile hakuwa amenisemesha hata mara moja. Aliyepaswa kulinda mwiko ndiye aliyeuvunja, na aliuvunja kwa kuniita mwanae. Hatua zilizokuwa kati yetu hazikufika ishirini. Mtoto alikuwa anapumua kwenye uti wa mgongo wangu, joto lake dogo nalisikia kwenye ngozi, nikamfikiria yule aliyetoka masika ya mwaka uliotangulia, na wanawake wakiniuliza napitia wapi. Nilijiambia nikimgusa mzee huyu, jioni nitamkuta mtoto wangu amepoa. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba. Nilikuwa nimebatizwa na kuimba kwaya. Hayo yote hayakunisaidia kitu.

Aliita tena. Mara ya tatu hakuita kwa neno.

Sikwenda. Nilirudi nyuma, nikashuka handakini, nikatokea barabarani kwa njia ndefu, nikinyanyua mikono kama chizi. Barabara ilikuwa tupu. Sijui nilisimama muda gani, sikuwa na saa, ila mtoto alilia, akanyonya, akalala, ndipo akatokea mtu wa Katumba Songwe kwenye baiskeli na maboksi ya sabuni. Nilimwonyesha kwa kidole. Akaitupa baiskeli akakimbia. Mimi nilibaki majanini, nimewapa mgongo, kama inavyotakiwa. Alipomnyanyua nilisikia sauti ya ngozi ikiachana na lami, na sauti hiyo ninayo mpaka leo.

Walimpeleka hospitali na baiskeli ileile, mmoja akisukuma na wengine waliotoka msibani wakimshikilia. Nyonga ilikuwa imevunjika. Shavu, mkono na ubavu vilikuwa vimeungua, na vidonda vile vilikataa kukauka. Mume wangu alirudi kutoka Mbeya akalala sakafuni chini ya kitanda cha baba yake. Mimi nilipika uji, wakaupeleka wengine.

Siku ya tano alikuja nyumbani kuchukua shuka. Alikaa jikoni kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamchukua mtoto akampakata. Mtoto alikuwa ameanza kunenepa.

"Nilimuuliza mzee," akasema. "Nilimuuliza kama alikuita, maana watu wanaongea. Wanasema ulikuwepo."

Nilikuwa nimeshika mwiko wa ugali. Nikausonga ugali uliokwisha kuiva.

"Akasema, 'Mkamwana wangu alitaka kuja. Alikuja mpaka karibu. Mimi ndiye niliyemkataza, nikamwambia mtoto ni mchanga, tafuta mtu.' Akasema nisikuulize tena, nisikusumbue." Mume wangu akaanza kulia, akafuta machozi kwa nepi ya mtoto. "Na ile lami, mama. Nimeimwaga mimi."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ningeweza kusema maneno matatu tu: aliniita, nami sikwenda. Mume wangu alikuwa anajibebesha mzigo wote peke yake mbele ya macho yangu, na nusu yake ilikuwa yangu, labda zaidi ya nusu. Nilimwuliza kama atakula kabla ya kurudi hospitali. Akala.

Mzee alifariki wiki iliyofuata, mvua zikiwa zimeshuka. Aliondoka na uongo ule bila kuubadilisha, mbele ya wanawe, mbele ya mchungaji aliyekuja kumwombea. Sikumwona. Nilitaka kwenda nikaambiwa haipendezi, hata kama ni mgonjwa, na mimi ambaye siku zote nilikuwa na mdomo sikubisha.

Kwenye msiba walijaa watu mpaka juu ya lami, wamekaa kwenye mikeka, wanasema hapa hata mvua ikinyesha hamkanyagi tope. Shangazi wa ng'ambo ya Songwe alivuka na wanawake wake. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliwakusanya wasichana wa ukoo waliokuwa karibu kuolewa, akawaleta ndani nilipokuwa nimekaa na mtoto, akanishika bega mbele yao.

"Mtazameni huyu," akawaambia. "Hata mauti yalipokuja hakuvunja heshima ya mkwe wake. Marehemu mwenyewe amemshuhudia. Na mtoto wake huyu hapa, mzima. Mkiolewa, muwe kama yeye."

Wasichana walinitazama kwa macho makubwa. Mmoja alipiga goti. Walikuwa wanangoja mkubwa wao ajibu, kama inavyotakiwa mtu anaposifiwa, nami nikainamisha kichwa.

"Ndaga fijo," nikasema. Asante sana.